Maswali Niliyoyakata

Naomba nianze kwa kulalamika, maana ndiyo kazi ninayoiweza kuliko hii wanayonilipia. Mimi ni mhariri wa video. Chuo chetu huweka masomo mtandaoni bure, mtu yeyote ayatazame popote alipo: takwimu, sheria, elimu ya miamba, historia, ufugaji wa nyuki, kila kitu. Sifa huenda kwa walimu na maumivu ya kichwa hubaki kwangu. Kuna anayefuta ubao kabla kamera haijauona. Kuna anayevaa bangili saba, akinyanyua mkono utadhani kabati la vyombo limeanguka. Kuna anayesema "kama mnavyoona hapa" huku akionyesha mahali asipopaona mtu isipokuwa yeye na Mungu wake.

Lakini hao wote kwa pamoja hawakunichosha kama Mama Funguo.

Mama Funguo ni msafishaji wa ukumbi tunaorekodia, na funguo za jengo zima hukaa kiunoni mwake. Hakujileta mbele ya kamera. Miaka minne iliyopita mwalimu wa takwimu aligoma kurekodi, akasema yeye hawezi kukifundisha kioo cha kamera, anataka uso wa mtu. Wanafunzi walikuwa likizo. Bosi wangu akamwona Mama Funguo anapiga deki, akamwambia akae kiti cha mbele, awe anatikisa kichwa mara mojamoja kama anayeelewa. Walimu wengine waliposikia, nao wakamtaka. Tangu hapo hakuna somo lililorekodiwa bila yeye kuwa pale mbele, ndoo yake kando ya kiti.

Shida ni kwamba hakuwa anatikisa kichwa. Alikuwa ananyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, hapo sijaelewa."

Jamani! Taa zimewaka, kinasa sauti kinanasa, mwalimu yuko katikati ya sentensi, na mtu ananyoosha mkono wenye glavu ya mpira. Kwenye miamba: "Umesema tabaka la chini ndilo la zamani. Na ardhi ikipinduka je?" Kwenye historia: "Huyo aliyeandika hiyo barua, alikuwa anamwogopa nani?" Kila mara mwalimu alisimama, akajikuna kichwa, akarudi nyuma na kueleza upya. Na kila mara mimi nilirudi ofisini, nikakata swali, nikaunganisha. Agizo la bosi lilikuwa wazi: dakika arobaini, safi, sauti ya mwalimu peke yake. Nilijaribu kumwomba. "Shikamoo mama, leo tafadhali usiulize." Ataitikia marahaba vizuri kabisa, halafu dakika ya kumi na tatu mkono uko juu.

Jumatatu moja asubuhi akaja ofisini kwangu bila ndoo. Ofisi yenyewe zamani ilikuwa stoo, na kiti cha wageni ni sanduku la nyaya. Akakaa juu yake, akanipa karatasi.

Ilikuwa fomu ya kujiunga na chuo kwa watu wazima wasio na vyeti. Alikuwa ameijaza kwa herufi kubwa kubwa, na mahali pa somo ameandika takwimu. Nafasi moja tu ilikuwa tupu, ile iliyosema: "Ambatanisha ushahidi kwamba umejifunza." Usaili ulikuwa Alhamisi, saa nne.

"Mwaka huu nimetimiza hamsini na tano," akasema. "Ukishavuka hapo hawakupokei tena, kwa hiyo kwangu ni mwaka huu au basi. Cheti sina hata cha shule ya msingi. Baba alifariki, nikatolewa shule nilee wadogo zangu. Lakini maswali ninayo. Miaka minne nimeuliza, walimu wakanijibu, na wewe ulikuwa unarekodi. Nitolee hayo, mwanangu. Uyaweke pamoja nikawaonyeshe."

Nikamrudishia fomu yake.

"Mama, hayapo."

"Yamekwenda wapi?"

"Niliyakata. Na vipande vilivyokatwa hufutwa kila mwisho wa muhula. Nafasi ya kuvihifadhi haitoshi."

"Yote?"

"Yote."

Angenitukana ningepumua. Hakunitukana. Alikunja fomu yake mara mbili, akaikunjua, kisha akafanya kile alichozoea kunifanyia miaka yote.

"Na majibu je? Nayo uliyakata?"

Majibu sikuyakata. Ningeyakataje, na ndiyo somo lenyewe? Nikafungua somo moja la takwimu, nikapeleka mbele hadi dakika ya kumi na tatu. Na kweli, mwalimu anafundisha vizuri, mara anatulia, anarudi nyuma bila sababu yoyote, anaanza kueleza upya kwa mfano wa foleni ya kisimani. Chini ya video hiyo watu wasiojuana wameandika maoni kwa mamia. "Huyu mwalimu kajuaje kwamba hapa ndipo nilipokwama?" "Dakika hii nimeirudia mara tano." "Mwalimu anasoma mioyo ya watu."

Nikawakasirikia watu wasio na kosa. Mwalimu hakusoma moyo wa mtu! Aliulizwa! Aliulizwa na mama huyu aliyekaa juu ya nyaya zangu, na mimi nikamwondoa kipande baada ya kipande. Bandu bandu huisha gogo. Niliona aibu, na mimi nikiona aibu huwa mkali.

"Saa nane uwe hapa," nikamwambia. "Na kesho, na keshokutwa."

Siku tatu hizo zilinitoa jasho. Mimi natafuta mahali nilipokata, namchezea jibu, yeye ananitajia swali, naandika. Hakusahau hata moja. Tatizo ni kwamba alitaka kusikiliza kila jibu hadi mwisho, na likiisha anauliza jingine.

"Mama, muda!"

"Lakini hapo mwalimu hakumalizia."

"Mama wee, utaniua!"

Tulipata maswali mia mbili na kumi na moja. Nikaandika barua, nikataja somo na dakika, na kwa kila moja nikaweka maneno yaleyale: hapa mimi mhariri niliondoa swali la mwombaji. Bosi alipoisoma akaniambia najichongea mwenyewe. Nikamjibu kwamba muda wa kunyamaza umepita, tena nikamjibu vibaya, na sijutii.

Alhamisi tukaingia chumba cha mikutano. Nyuma ya meza walikuwa watatu: msajili wa chuo, mwalimu wa sheria, na yuleyule mwalimu wa takwimu. Nikawachezea kipande cha kisima. Msajili akamgeukia mwalimu wa takwimu.

"Profesa, unalikumbuka swali hilo?"

Mwalimu akakohoa. "Nakumbuka mama alikuwa anauliza mambo mawili matatu. Lakini kurudia pale ni ualimu tu. Mwalimu mzoefu anajua wanafunzi watakwama wapi."

Nilitamani nimrushie kompyuta. Nilikuwa nimemsafisha mtu huyu miaka minne hadi mwenyewe akaamini! Na kibaya zaidi, hakuwa anasema uongo. Alikuwa ameyatazama masomo yake mtandaoni kama watu wengine, na kule hakuna anayeuliza.

Msajili akaweka kalamu chini. Akasema barua yangu ameielewa, ila ni maneno ya mfanyakazi kumtetea mfanyakazi mwenzake, na fomu inataka ushahidi. "Pole sana, mama. Una neno la mwisho?"

Mama Funguo alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. Hakumtazama msajili. Alimtazama mwalimu.

"Mwalimu, ulitufundisha kupima jinsi namba zinavyotawanyika mbali na wastani wake. Ulisema tukitoa wastani, nyingine zinabaki chanya na nyingine hasi, na tukizijumlisha zinafutana tunapata sifuri. Ndiyo maana tunaweka kipeo cha pili, ile hasi iondoke. Siku ile muda uliisha sikukuuliza. Kama shida yetu ni alama ya kutoa tu, kwa nini tusiifute alama yenyewe tukaendelea na safari? Hicho kipeo cha pili cha nini?"

Mwalimu aligeuka akautazama ubao. Kisha akainuka. Nadhani hata hakujua kwamba ameinuka. Akachukua chaki, akaandika namba tano ubaoni, akazifanyia hesabu kwa njia yake, halafu kwa njia ya mama. Akafuta, akaandika tena. Akasema njia ya mama nayo ipo na inatumika, ila kipeo cha pili kinaipa uzito zaidi namba iliyokwenda mbali. Mwalimu wa sheria akavuta kiti aone vizuri. Dakika kumi zilipita. Mwishowe mwalimu aligeuka, na hakumgeukia msajili.

"Tuko pamoja?"

"Bado kidogo," akasema Mama Funguo. "Hapo kwenye namba ya mbali umekwenda haraka."

Akarudi ubaoni. Yuko katikati ya kueleza, chaki ikasimama.

"Na yale mengine," akasema taratibu, bado ametupa mgongo, "yale mia mbili. Ni yake."

Msajili akachukua kalamu, akaandika kwenye ile nafasi tupu, akapiga muhuri. Nilifurahi kupita kiasi. Mama Funguo aliuliza kama anaweza kupewa nakala.

Muhula ulipoanza yeye alikwenda darasani, na pale ukumbini kiti kikabaki wazi. Bosi akaniweka mimi. Alisema ninafaa, najua pa kunyamaza. Siku ya kwanza ilikuwa elimu ya miamba. Taa zikanipiga usoni, mwalimu akanitazama mimi na mimi tu, na hadi dakika ya kumi na nane nilikuwa naye. Dakika ya kumi na tisa akaruka kitu. Nikajua ameruka. Na yeye akatulia, akautafuta uso wangu, akaningoja. Nikafikiria kunyoosha mkono mbele ya mtu wa kamera na wa taa, wote wajue sijaelewa. Mkono ukawa mzito kama gunia la chumvi. Nikatikisa kichwa vizuri, kama mtu aliyeelewa. Mwalimu akatabasamu, akaendelea.

Somo lilitoka dakika arobaini kamili, sikulikata popote. Bosi alinisifu mbele ya wenzangu. Siku ya tatu yakaingia maoni ya kwanza, ya mtu nisiyemjua, kutoka sijui wapi: "Mwalimu, hapo dakika ya kumi na tisa mbona umetuacha solemba?"