Kiganja cha Darasa la Saba

Jumanne moja ya mwezi wa tano, saa nne kasorobo asubuhi, mama mmoja wa Kibosho aliingia chumba cha eksirei akiwa ameufunga mkono wake wa kulia kwa kipande cha gamba la mgomba na kitenge kilichochakaa. Masika yalikuwa bado yanamwaga. Alikuwa ameteleza kwenye tope akiteremsha mzigo wa majani ya ng'ombe, akaangukia kiganja.

Chumba kile kilikuwa mwisho wa korido, katika hospitali ndogo ya mjini Moshi. Mpiga picha wa zamu alikuwa Winfrida, mwanamke wa miaka thelathini na minne, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akipiga picha za mikono ya watu wa mlimani: wapagazi walioanguka kwenye mawe, vijana wa bodaboda, akina mama wa masika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mlango wenu una upepo."

Winfrida alisoma fomu iliyotoka mapokezi. Theopista Sirili Kessy, miaka sitini na miwili. Aliisoma mara ya pili, kwa sababu hayo yalikuwa majina ya mama yake mzazi, yote matatu, kwa mpangilio huo huo, na miaka ilikuwa ile ile. Lakini mlimani majina hurudiwa, na foleni ilikuwa ndefu. Akamkalisha, akaulaza mkono juu ya meza taratibu, akapiga.

Picha ilipotokea kwenye kompyuta, ilionyesha mifupa ya mtoto.

Nyama ya nje ilikuwa kivuli cha kiganja kipana cha mkulima, chenye sugu. Ndani yake mifupa ilikuwa midogo, kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Kwenye ncha za mifupa ya vidole na ya kigasha ilionekana ile mistari myeusi ambayo kwa mtoto huwa wazi ili mfupa uendelee kurefuka, na ambayo kwa mtu mzima hujifunga na kufutika. Kwa huyu ilikuwa wazi yote. Na mfupa haukuwa umevunjika kama wa mama wa miaka sitini, ambao hukatika kama kuni kavu. Ulikuwa umepinda na kupasuka upande mmoja tu, kama kijiti kibichi.

Winfrida aliona ni vyema apige na mkono wa kushoto, alinganishe. Wa kushoto ulikuwa na miaka sitini na miwili, umelika kwenye viungo, wa kawaida kabisa. Akamwita Daktari Primus.

Daktari alivaa miwani, akatazama kwa muda wa kutosha.

"Kumi na tatu," alisema. "Kifupa hiki cha kwenye kidole gumba ndiyo kwanza kimetokea. Kumi na tatu, labda na miezi." Akamgeukia mgonjwa. "Mama, unaandikia mkono gani?"

"Nilikuwa naandikia huu."

"Na uliacha lini?"

"Darasa la saba, mwaka wa sabini na tano."

Daktari alitikisa kichwa kukubali. "Mwaka jana tulipata mzee wa Uru mwenye goti la miaka minane. Walimtoa shule akachunge. Mkono ni mara ya kwanza naona." Akaandika afungwe plasta, ile ambayo watu huiita hogo, kwa wiki tatu badala ya sita, kwa kuwa mifupa ya watoto haichelewi kuunga.

Wakati plasta inakauka, karani wa mapokezi alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Alisema kompyuta imekataa kumwandikia huyu mama matibabu ya bure ya wazee. Kila akiingiza jina, tarehe ya kuzaliwa na jina la baba, jibu ni kwamba mtu huyu yupo tayari. Yupo Kiboriloni, ni mwalimu mstaafu, ana bima.

"Huyo ni yule mwingine," Theopista alisema bila kunyanyua sauti. "Hata kitambulisho nilinyimwa kwa ajili yake. Niandikieni tu nitalipa, nimeuza kuku."

Winfrida alikuwa ameshika ndoo ya maji yenye plasta. Aliiweka chini. Nyumba ya mwalimu mstaafu wa Kiboriloni ndiyo nyumba aliyotokea asubuhi ile. Chai aliyokunywa ilikuwa imechemshwa na yule mwingine.

Mambo mengine ambayo mtu huyajua bila kuyajua yalianza kujipanga kichwani mwake. Babu yake mzaa mama aliitwa Tito, si Sirili. Alipokuwa mdogo aliuliza, akaambiwa Sirili ni jina la babu la ubatizo. Na bibi yake, mpaka siku anakufa, hakuwahi kumwita mama yake Theopista. Alimwita Yuditha. Wakaambiwa wajukuu kwamba hilo ni jina la kipaimara.

Alitoka kazini saa tisa akiwa na picha ndani ya bahasha ya kaki. Mama yake alikuwa uani anachambua mchicha. Winfrida hakusalimia. Aliitoa picha, akaiinua kwenye mwanga wa jua.

Mama yake alikuwa amefundisha miaka thelathini na sita, darasa la kwanza na la pili, na alijua kutazama mkono wa mtoto. Alitazama mpaka jua likaingia wingu na kutoka tena.

"Wa kulia," alisema.

"Wa kulia."

"Alikuwa na mwandiko mzuri sana. Mwalimu mkuu alikuwa akitushikia daftari lake darasa zima tulione."

"Mama, wewe ni nani?"

"Mimi ni mama yako. Hayo mengine ni ya ofisini."

Kisha akasema, mikono ikiendelea na mchicha. Mwaka ule shule yao ilipata nafasi moja tu ya sekondari kwa wasichana. Nafasi ilikuwa ya Theopista Sirili. Mwalimu mkuu alikuwa baba mdogo wa Yuditha, na barua ya kuchaguliwa ilipitia mikononi mwake. Akaenda kwa kina Sirili akawaambia binti yao amekosa kwa alama mbili. Akaja kwa kaka yake Tito akamwambia binti yako amepata, ila atabadili jina. Hakuna aliyemuuliza Yuditha. Alikuwa na miaka kumi na minne, na alifurahi.

"Siku ya kuondoka kaka yangu alinibebea sanduku la bati kichwani," alisema. "Jina lilikuwa limepakwa ubavuni kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Njia inapita mbele ya kwao Theopista. Yeye alikuwa anakata majani kando ya mfereji. Akalisoma."

"Akasema nini?"

"Akaniambia safari njema."

Winfrida alitaka kumkasirikia, na alijaribu kwa siku kadhaa. Lakini kila alichokishika ili akikasirikie kilikuwa kimetoka kwenye lile sanduku: ada yake ya shule, chuo cha mionzi alichosomea, paa la nyumba, hata mkono wake uliojua kuweka mikono ya wengine sawa mezani. Hasira haikupata mahali pa kusimama. Badala yake lilikuja jambo zito na tulivu zaidi, likakaa.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya kwanza, mama na binti walipanda Kibosho. Mama alikuwa amekata jani la isale nyuma ya nyumba, akalifunga fundo, kama wafanyavyo Wachaga mtu anapokwenda kuomba msamaha. Aliyeletewa isale hakatai. Ndivyo ilivyo tangu zamani, na ndiyo maana wengi hawalipeleki mpaka wawe wamechoka.

Theopista aliwapokea mlangoni, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa khanga. Hakushtuka. Alimtazama mgeni wake kwa kitambo.

"Yuditha," alisema.

Winfrida alimwona mama yake akiitikia jina hilo kwa mwili mzima, kama mtu aliyeguswa begani kwa nyuma.

Waliketi. Walikunywa mtori wa ndizi. Waliongea habari za ng'ombe, na za kahawa iliyong'olewa, na za nani amekufa. Kisha Yuditha akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, kwa shida, kwa kuwa magoti yake yalikuwa ya umri wake, akamnyooshea lile jani. Theopista alilipokea kwa mkono wa kushoto.

"Nimesamehe," alisema. "Inuka. Huu wa kulia siwezi kuusemea, haujawahi kuniuliza kitu."

Baadaye, wakati Winfrida anakusanya bakuli, Theopista alisema lile neno alilokuwa nalo. Hakutaka shule wala fidia. Alitaka waende wote wawili kwa mtendaji wa kata, kesho au hata wiki ijayo, Yuditha aseme mbele ya watu kwamba yeye si Theopista Sirili, ili mwenye jina aandikishwe, apate kitambulisho. "Nikifa leo," alisema, "watasema aliyekufa yuko hai Kiboriloni. Padre atanizika kwa jina gani?"

Kuku wawili waliingia, wakazunguka, wakatoka.

"Theopista," Yuditha alisema mwishowe, "pensheni imeandikwa jina lako. Ndoa yangu imeandikwa jina lako, na kaburi la mume wangu linasema ameacha mjane Theopista. Vyeti vya huyu mtoto vina jina lako. Nikisema mimi si wewe, nitakuwa nani? Yuditha hana hata cheti cha darasa la saba."

"Kweli."

"Nitakuletea chochote kingine."

"Najua," Theopista alisema. "Haya. Mvua inakuja, mtachelewa."

Na kwa kuwa isale lilikuwa limekwisha pokelewa, hapakuwa na njia ya kugombana. Aliwasindikiza mpaka kwenye mfereji, akawafungashia mkungu wa ndizi.

Wakishuka, Winfrida alijua kwamba yeye mwenyewe angeweza kwenda kwa mtendaji. Alikuwa na picha, alikuwa na mdomo. Alilifikiria jambo hilo mpaka walipofika barabara ya lami. Aliendelea kulifikiria Jumatatu, na Jumanne, na baadaye akawa analifikiria kama mtu anavyofikiria kupaka nyumba rangi.

Wiki tatu zilipotimia Theopista alirudi. Hogo lilikatwa. Picha mpya ilionyesha mfupa umeunga vizuri mno, ufa hauonekani hata kwa kutafuta. Mistari ilikuwa wazi vile vile. Daktari Primus alimpa daftari la kuruhusiwa asaini, na mkono wa kulia, uliokuwa mweupe na wenye mikunjo baada ya kufungwa, ukashika kalamu wenyewe. Uliandika jina lote kwa mwandiko wa kuunganisha, herufi zimelala upande mmoja, ule mwandiko ambao siku hizi haufundishwi. Chini yake ukaandika tarehe: 4 Novemba 1975. Daktari aliikata kwa mstari mmoja, akaandika ya leo pembeni, akagonga muhuri.

"Daktari, hiyo mistari hujifunga lini?"

"Kwa msichana, kwenye kumi na sita hivi."

Theopista alihesabu kwa vidole vya kushoto. "Bado miaka mitatu."

"Mkono ukianza kuhesabu, mama."

"Ukianza."

Mkono haukuanza. Januari iliyofuata, wiki ya shule kufunguliwa, uliuma na kuvimba kidogo kwenye kifundo cha mkono, bila kuanguka wala kugongwa. Theopista akashuka mjini. Ukauma tena Januari ya baada ya hapo. Daktari aliandika kwenye faili kwamba hayo ni maumivu ya msimu, na Winfrida akawa anamtengea nafasi asubuhi, kabla ya foleni, na analipia picha yeye mwenyewe, na jioni hamwambii mama yake. Mama yake naye, kila Januari, jioni hiyo hiyo, haulizi.

Mara ya mwisho alikuja na mvua za vuli zimekwisha na mlima uko wazi wote. Nje, watoto wa sekondari walikuwa wanapita na mabegi mapya. Alikaa kwenye kiti, akaulaza mkono mezani bila kuonyeshwa, vidole vimetanuka kidogo kama inavyotakiwa, maana sasa alikuwa amezoea. Winfrida aliinama akakisogeza kifundo kikae sawa na alama ya mezani. Alihisi kwenye ncha za vidole vyake jinsi ngozi ilivyokuwa ngumu. Alikuwa na neno la kusema, lile la kwenda kwa mtendaji. Alikuwa nalo kwa muda mrefu, na huenda ile ilikuwa siku ya kulisema.

Akaenda nyuma ya ukuta wa risasi unaozuia mionzi, akaweka kidole kwenye kitufe.

"Tulia hivyo hivyo, mama," alisema. "Usisogee."

"Sijasogea, mwanangu," Theopista alijibu.