Neno la Kisimani

Mwalimu Kasiva ndiye aliyevileta vitabu hivyo kijijini Kivaa, na hilo hakulikana hata siku moja. Watoto wa rafiki yake wa Mlolongo walikuwa wamekua wakavichoka, akavitia kwenye gunia akarudi navyo shuleni kwake, akavipanga katika kabati la darasa.

Mfululizo huo uliitwa Watoto wa Kisima. Ndugu wawili wanainama juu ya kisima, wanatamka neno, maji yanafunguka kama mlango, nao wanashukia nchi isiyojua njaa. Ijumaa jioni wanafunzi walibaki darasani kushindana kwa maswali: farasi wa malkia aliitwaje, nani aliiba taa, mnara ulianguka katika kitabu kipi. Aliyeshinda karibu kila mara alikuwa Mutanu, binti wa Mbula. Alijua hata yasiyokuwa ndani ya hadithi. Alijua kwamba lile neno liliandikwa Ambaruka katika chapa ya kwanza na Ambarukai katika chapa zilizofuata, kama hii ya darasani, na kwamba wasomaji wa mbali walikuwa bado wanagombana juu ya herufi hiyo moja. Wengine walidai kosa lilikuwa la mpiga chapa. Wengine walisema ni jina la pepo lililofichwa, na shule kadhaa zilikuwa zimeviondoa vitabu hivyo kwa sababu hiyo. Kasiva aliwasimulia wanafunzi ugomvi huo huku akicheka. Wakabishana mpaka kengele ikalia.

Mutanu alikuwa na kaka mdogo, Wathome, ambaye kusoma kulikuwa bado kunamshinda. Kila jioni, wakichambua ndengu, alimsumbua dada yake amsimulie, naye alimsimulia.

Kiangazi kilipokaza, Wathome alitumwa maji kwenye kisima kilichochimbwa na wanakijiji wenyewe nyuma ya kanisa. Mbao za kukifunika zilikuwa zimeoza zamani, na kamati ya maji ilikuwa ikizungumzia kifuniko cha saruji kila ilipokutana. Mtoto hakurudi. Waliokwenda kumtafuta waliukuta mtungi wake ukingoni, mtupu, umewekwa kando vizuri, na viatu vyake vimepangwa pembeni yake. Walimtoa kwa kamba.

Haikupita wiki baada ya mazishi kabla wazazi hawajaitwa shuleni. Mwenyekiti wao, Mzee Ndambuki, alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya maji. Hakuwa mtu wa kelele. Alikishika kitabu kwa ncha za vidole, akaeleza kwamba amesikia kuna neno humu la kuwaita watoto kisimani, na kwamba wazazi wana haki ya kulisikia. Akatafuta ukurasa, akasoma polepole: "Ambaruka."

Mutanu alikuwa amekaa chini, karibu na miguu ya mama yake. Tangu wamzike kaka yake hakuwa amefungua kinywa, hata kwa kuomba maji.

"Haisomwi hivyo," alisema. "Kuna herufi umeacha mwishoni."

Watu wote waligeuka. Kasiva alimtazama, akataka kumwashiria anyamaze, lakini macho ya msichana yalikuwa kwenye kitabu kama yalivyokuwa kila Ijumaa.

"Inasomwaje basi?" aliuliza Ndambuki kwa upole.

Mutanu akalitamka. Alilitamka kwa usahihi kabisa, kwa sauti safi, na mwanamke aliyekaa karibu naye akamvuta mwanawe akamweka upande wa pili. Hapo ndipo Mutanu alipoelewa alichokifanya. Aliinamisha uso akaufunika kwa leso ya mama yake.

Kasiva alisimama. Aliwaambia kwamba neno hilo limetungwa tu, halimwiti yeyote, na kwamba kisima kingekuwa na kifuniko, Wathome angekuwa hai. Alijua sauti yake ilisikika kama ya mtu anayejitetea.

"Mwalimu," Ndambuki alimjibu, "hicho kisima kimekuwa wazi tangu nikiwa kijana. Hakuna mtoto ameingia. Mpaka vitabu vyako vikakuja."

Kila Kasiva alipoupata mwanzo wa sentensi aliuona ule mtungi mtupu na viatu vilivyopangwa. Katekista Muema alijaribu kusaidia. Alisema vitabu ni karatasi tu, haviwezi kudhuru mtu, na kwa hiyo havina haja ya kugombaniwa, vichomwe watu wakapate kulala. Kasiva aliombwa ufunguo wa kabati. Aliutoa. Vitabu vilichomwa shimoni, pale penye takataka za shule, na watoto waliovisoma wakafukuzwa wasikaribie moshi.

Kisima kiliendelea kuwa wazi. Darasani hakuna aliyekubali kukaa dawati moja na Mutanu, na njiani wadogo walimkimbia. Wakubwa walisema, bila kushusha sauti, kwamba ni yeye aliyemwita kaka yake. Muhula ulipokwisha Mbula alimtoa shuleni. Kasiva naye akaletewa habari kwamba amehamishiwa shule moja upande wa Athi River, na mwalimu mkuu akamshauri asiulize sababu.

Kabla ya kuondoka alikwenda nyumbani kwa kina Mutanu. Mbula alimsalimia vizuri, akamwonyesha shamba kwa kidevu, akaingia ndani asitoke tena. Mutanu alikuwa anang'oa magugu. Kasiva aliinama akang'oa pamoja naye, akamweleza kwamba huko aendako angemtafutia nafasi, kwamba angezungumza na mama. Msichana alimwacha amalize.

"Mwalimu, nilimwambia Wathome ni hadithi tu," alisema. "Kila siku nilikuwa namwambia. Ulinisikia nikimwambia, si ndiyo?"

"Ndiyo," alisema Kasiva. "Nilikusikia."

Mutanu alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekosa swali rahisi.

"Hukuwa hapa," alisema. "Hata mimi sikumbuki kama nilimwambia."

Akausogeza mkono wa mwalimu, kwa sababu alikuwa karibu kung'oa mche wa ndengu, akaendelea na kazi. Kasiva alibaki ameinama hapo mpaka mgongo ukamuuma. Kisha akaaga, akaifuata njia ya kwenda barabarani.