Mashine Iliyotoka Mpofi

Naomie aliposhuka kwenye pikipiki huko Mushaki, Jumatano alasiri, baada ya safari ya siku mbili kutoka Mpofi, alikuta sehemu yake imekwisha kuondolewa katika programu.

Programu hiyo ya simu iliandikwa na vikundi viwili: cha Mushaki kilieleza maradhi ya ng'ombe, na cha Mpofi, alichokiongoza Naomie, maradhi ya muhogo. Ijumaa ingeonyeshwa kwa wakulima.

"Dada, siyo chuki," alisema Hilaire, mkuu wa kazi. "Siye tuko sita mezani. Kila badiliko linaingia palepale mu mashine kubwa, na mwenye kukosea anapigiwa kelele. Weye unakaa wiki mbili kimya, kisha unatutupia muzigo wa mabadiliko!"

"Mpofi haina rezo, mutandao haufiki, kaka. Nimupigie nani kelele, nyani?"

Wote walicheka, Hilaire pia. Lakini uamuzi haukubadilika.

Jioni hiyo Naomie alifanya alichokifanya katika kila safari. Alinakili katika mashine yake, kompyuta ndogo ya mkononi, kazi yote ya Mushaki, pamoja na kumbukumbu ya kila badiliko tangu mwanzo, akaiunganisha na tawi lake la muhogo, yaani nakala ambayo kikundi chake kiliifanyia kazi kando. Kwani kule msituni hakukuwa na jirani wa kumwuliza.

"Sasa anatubebea hata ng'ombe!" alitania Prince, mmoja wa wale sita.

Alfajiri ya Alhamisi radi ilipiga, na mashine kubwa, iliyotunza kazi yote ya Mushaki, ikaungua. Mashine zile sita za mezani hazikuwa na kitu. Zilizoea kusoma humo tu. Hilaire aliketi juu ya kreti tupu.

Naomie, aliyekuwa akifunga mizigo yake, alirudi ndani, akaiweka mashine yake mezani.

"Mutafute."

Walitafuta. Ng'ombe wote walikuwamo, hadi kosa alilolisahihisha Prince Jumatano jioni. Muhogo nao ulikuwamo, umekwisha kuunganishwa.

Ijumaa, mama mmoja wa Walikale aliiona picha ya jani la muhogo lenye madoa, akasimama. "Njo hii! Njo hii inakula shamba yangu!" Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Hilaire alitangaza kwamba Mushaki wangeendelea kuingiza kazi palepale, na Mpofi wangeendelea na tawi lao. Ila kila mashine ingebeba kumbukumbu nzima.

"Na muzigo wangu wa wiki mbili, kaka?"

"Ulete, dada. Hata wa mwezi!"

Kisha akaubeba mwenyewe mfuko wa Naomie hadi kwenye pikipiki, kwa mikono miwili.