Picha Kumi za Pasipoti

Kamishna, msichana wa bweni aliyepewa jina hilo na matroni kwa sababu zisizofaa kuandikwa hapa, alirudi likizo na mjusi wa mpira. Siku ya kwanza akamlaza kwenye bakuli la sukari. Dada yake, mpiga picha za pasipoti, akamsogeza mjusi pembeni, akachota sukari, akakoroga chai.

Kamishna ndiye aliyeshtuka.

“Ni sonona,” mama alisema. “Anameza dawa, lakini zinataka wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi.”

“Sioni zikinisaidia,” dada akasema. “Ukirudi shule, naziacha.”

Zilibaki wiki tatu.

Studio, Kamishna aliona jambo. Kila mteja akiondoka, dada alinong’ona, “Yule amenichukia.”

“Dada! Si wewe uliyemwambia asicheke?”

Kamishna akamfuata daktari wa dada yake, akauliza hadi daktari akasahau chai yake. Akaambiwa kwamba sonona huweza kuufanya ubongo uwahi kuona ubaya usoni pa watu, na kwamba dawa huweza kurekebisha hilo kabla mgonjwa hajahisi nafuu.

Basi Kamishna, kwa uzito wote wa ofisi yake, akaokota picha tisa zilizoharibika, akaongeza yake. Kila Jumamosi dada alisema kila uso unaonyesha nini, na Kamishna akaandika daftarini.

Jumamosi ya kwanza, waliokasirika walikuwa tisa. Wa kumi alikuwa Kamishna mwenyewe. “Huyu amenichoka,” dada alisema. Kamishna alikohoa kwa muda mrefu bila kuwa na kikohozi.

Jumamosi ya pili, saba.

Ya tatu, kesho yake ikiwa safari ya shule, dada alizipitia taratibu. “Huyu ana usingizi. Huyu viatu vinambana...”

“Wanne tu!” Kamishna akafunua daftari. “Tisa, saba, nne!”

“Mbona mimi najiona vilevile?”

“Macho yako yamekutangulia, dada. Subiri na moyo ufike.”

Dada akashika picha ya mwisho, ya Kamishna. Akaisogeza kwenye mwanga.

“Huyu anabana kicheko,” akasema polepole. “Umeficha nini, we mtoto?”

“Mimi?”

Dada akavuta droo ya vidonge. Ukelele wake ulimfanya mteja aliyekuwa akingoja mbele ya kamera aangue kicheko, picha yake ikabidi ingoje. Mjusi wa mpira akarushwa ukutani. Kamishna akakimbizwa mara mbili kuzunguka taa, kiatu kikimfuata.

“Lete maji,” dada akasema, akihema, kidonge kiganjani.

Akaletewa glasi. Akaikagua chini, juu na pembeni, ndipo akameza.