Vitumbua vya Madrasa

Swalihu hakuwa anakula. Nasma alimwona vizuri kutoka ng'ambo ya meza: ugali wa uwele umepoa mbele yake, mlenda umeanza kukauka pembeni mwa sahani, naye macho kayakaza kwa mama aliyekuwa akigawa chakula. Hakuwa anamtazama kwa kuibia. Alimtazama mikono, akaitazama sufuria, akafuata kwa macho kila sahani iliyotoka mpaka ikafika kwa mwenyewe.

"Mbona huli?" Nasma akamuuliza.

"Nakula," akajibu, akamega tonge, akalishika tu.

Ilikuwa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, Nzuguni, kwenye banda la vyakula vya asili. Vumbi lilikuwa limetanda kama ukungu, watu wamebanana kwenye mabenchi, wanaonja wali wa Bahi, maharage ya Kibakwe, matikiti ya Mlali yaliyopasuliwa na kupangwa juu ya majani. Watumishi wa serikali walikuja na familia zao, wamevaa viatu vya kanisani. Kila mtu alikuwa anafurahi. Nasma naye angefurahi, kama si swali lililomkaa kooni tangu walipotoka nyumbani: kwa nini leo?

Maana katika miaka yote ya ndoa yao, Swalihu hakuwahi kumtoa mkewe matembezi. Walitoka pamoja kwenda msibani, au harusini, basi. Alikuwa fundi cherehani, aliyekodi kibaraza karibu na soko la Dodoma, na kazi ilimkalisha pale tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Ijumaa iliyopita aliporudi msikitini na kusema, "Jumapili tutoke, tukale chakula cha maonyesho," jambo la kwanza Nasma alilomuuliza ni nani amefariki.

Jioni ileile ya Ijumaa alimsimulia jirani yake, Rukaya. Rukaya aliendelea kuchambua mchele wake bila kuinua uso. Mumewe alikuwa ameoa mke wa pili Mpwapwa mwaka uliopita.

"Wangu alianza kwa kuninunulia soda," akasema.

Kuanzia hapo Nasma akawa macho. Alianza kumchunguza mumewe kama anavyochunguza mchele dukani, punje kwa punje. Kitu cha kwanza alichogundua kilikuwa kwenye nguo. Miaka nenda miaka rudi, kabla ya kufua shati la Swalihu, ilimbidi kwanza alichambue nyuzi: nyeupe za kanzu, bluu za sare za shule, nyeusi za suti za maofisa. Zilinasa kwenye mikono ya shati, kwenye kola, hata ndani ya mifuko. Sasa mashati yalirudi masafi. Mtu anayeshinda kwenye cherehani anarudije nyumbani bila uzi hata mmoja?

Jumapili iliyofuata wakaenda Bahi. Walikula samaki wa kukaanga kwenye kibanda kilichotazama majaruba ya mpunga, na samaki alikuwa mtamu kweli, ngozi yake ikivunjika mdomoni. Walipomaliza, Swalihu aliinuka akaenda nyuma ya kibanda, kwa mwanamke aliyekuwa akikaanga. Alikawia. Nasma akajifanya anatafuta maji ya kunawa, akakaribia ukuta wa mabua. Sauti ya mumewe ilikuwa ya chini, ya upole, sauti ambayo hakuisikia nyumbani siku nyingi. Alinasa maneno machache tu.

"Mke wangu hajui bado," Swalihu alikuwa anasema. "Natafuta namna ya kumwambia."

Nasma alirudi kwenye benchi akakaa. Aliisukuma pembeni sahani ya mifupa. Njiani, ndani ya basi, mumewe alifungua mdomo mara mbili kama mtu mwenye jambo, akaufunga. Nasma hakumsaidia. Kama anataka kuoa, na aseme mwenyewe.

Kitu kimoja tu kilimfariji. Tangu mvua zilipokatika, Swalihu alikuwa amemwomba apike vitumbua vya ziada kila Alhamisi na Jumapili, awapelekee watoto wa madrasa. Nasma alikuwa mpishi wa vitumbua. Aliviuza asubuhi barazani kwake, na majirani walikuja na visahani vyao kabla jua halijachomoza. Lakini vile vya madrasa alivipika kwa moyo mwingine. Alizidisha iliki, hakubania nazi, na kila alipomimina uji wa mchele kaangoni alinuia thawabu zimfikie marehemu mama yake. Mwanamume anayewakumbuka watoto wa madrasa, alijiambia, hawezi kuwa amepotea kabisa.

Mwezi wa tisa, zabibu zilipoiva, Swalihu akasema waende mashambani. Palikuwa na shamba kubwa barabara ya Kondoa, lenye duka lake mlangoni, ambako watu wa mjini walipenda kwenda Jumapili kununua zabibu zikiwa na vumbi lake na kunywa maji ya zabibu chini ya kipaa cha nyasi. Alfajiri alichukua ndoo ya vitumbua vya madrasa kama kawaida, akarudi mikono mitupu. Saa nne wakapanda basi.

Nasma alivaa khanga yake mpya. Alikuwa ameamua: leo ndiyo leo. Huyo mwanamke akitokea, atamkuta amevaa.

Na alitokea. Mara tu waliposhuka, mwanamke mnene mwenye uso mchangamfu alitoka dukani, akafuta mikono kwenye kitenge, akasema, "Fundi, karibu," kwa namna ya mtu aliyesema hivyo mara nyingi. Swalihu akamtambulisha kwa haraka: huyu ni Anastazia, ndiye anayeuza katika duka hili. Kisha akasema anakwenda kumsalimia Petro, dereva wa pikapu ya shamba, akatokomea baina ya mizabibu kama mtu anayekimbia mvua.

Anastazia alimkaribisha mgeni wake benchini. Akaleta bakuli la zabibu, akaleta glasi, kisha akaleta sahani iliyofunikwa kwa kawa. Akaifunua.

Vilikuwa vitumbua. Nasma alivitazama bila kuvigusa. Vitumbua vyake alivigeuza kwa spoki ya baiskeli, hivyo kila kimoja kilibaki na kijitundu ukingoni, alama ambayo vya wapishi wengine havina. Vijitundu vilikuwepo. Akakimega kimoja. Iliki ikampanda puani, iliki aliyoitwanga mwenyewe alfajiri, kwa jina la mama yake.

Akakiweka pembeni.

"Wewe na mume wangu mna nini?" akauliza.

Anastazia akamtazama, na uchangamfu ukampungua usoni. "Tuna vitumbua, mama," akasema taratibu. "Kumbe hajakwambia?"

Kisha akaeleza, huku akilikunjakunja pindo la kitenge chake. Fundi alikuja mara ya kwanza wakati wa kiangazi kuanza, na ndoo. Aliomba aviweke hapa wageni waonje. Vikaisha. Sasa Petro akishapeleka zabibu sokoni anavichukua wakati wa kurudi, na wageni wengine wanakuja kwa ajili ya vitumbua, zabibu wanachukua basi tu. "Kila siku anasema ni vya mke wake. Nikamwambia, basi mlete mkeo tumwone."

Nasma alivitazama tena vile vijitundu. Alikuwa amejiandaa kwa mke mwenza, na maneno yake alikuwa nayo tayari. Kwa vitumbua hakuwa amejiandaa.

Swalihu alirudi akiwa na kishada cha zabibu mkononi. Aliona sahani wazi, akaona uso wa mkewe, akakiweka kishada mezani polepole. Anastazia akakumbuka kazi ya ndani.

"Watoto wa madrasa," Nasma akasema. "Wamewahi kula hata kimoja?"

Swalihu akakaa kwenye ncha ya benchi. "Hapana."

Ndipo akasema yote, macho yakiwa chini. Hakuna tena anayeshona. Mitumba imejaa mpaka milangoni, suti nzima inanunuliwa kwa bei ya vifungo vyake. Wateja waliobaki wanaleta suruali za mitumba zipunguzwe kiuno, na hao nao wamehamia kwa vijana wanaoshonea palepale mnadani. Kibaraza alikirudisha kwa mwenyewe tangu mfungo. Pesa za matumizi alizokuwa akimpa mkewe zilikuwa za vitumbua. Amekuwa akitoka asubuhi na kuzunguka mji, huku akiuliza watu wanaouza vyakula wanaanzaje, wanapikia wapi, wanalishaje wageni. Yule mama wa Bahi alimwambia amwambie mkewe. Wote walimwambia hivyo.

"Kila nikitaka kukwambia, nashindwa. Mimi ndiye fundi. Nitasemaje kwamba tunakula kwa kaango lako?"

"Tumekula kwa kaango langu siku zote," Nasma akasema. "Lakini mimi nilikuwa nampelekea mama yangu. Ulinisikia nikinuia, ukachukua ndoo, ukaenda."

Swalihu aliinua uso. Alinyoosha mkono juu ya meza, akaurudisha.

Gari la ofisi liliingia likiwa limejaa watu. Mama mmoja alishuka akiuliza, kabla hajafunga mlango, kama vitumbua vile bado vipo. Anastazia alitoka akaichukua sahani mbele ya Nasma, akamwangalia kama anaomba ruhusa. Nasma akaitikia kwa kichwa. Walikula wamesimama, wakilamba vidole, na mwanamume mmoja mwenye miwani alifumba macho kabisa. Nasma aliwatazama. Hakutaka kufurahi, akajikuta analihesabu hili kuwa kosa jingine la mumewe: kumnyima kuziona nyuso hizi.

"Alhamisi nitapika vya madrasa," akasema bila kugeuka. "Nitavipeleka mwenyewe, nimkabidhi maalimu mkononi. Na Alhamisi zote."

"Sawa."

"Sijui umenificha nini kingine."

"Sijakuficha kingine, mke wangu."

Nasma akamtazama kama anayesoma mshono upande wa ndani. Hakuona kitu, na hakuamini kwamba hakuona kitu.

Nyuma ya duka palikuwa na jiko, Swalihu akasema. Kibanda tu, mwenye shamba amekubali. Alikuwa amekusudia kumwonyesha leo. Nasma alipangusa makombo ya kitumbua mikononi. Aliinuka, akajifunga khanga kiunoni, akaenda peke yake.

Mlango ulikuwa wa mabati, umelegea. Ndani palinuka majivu ya zamani. Mafiga yalikuwa matatu, mazuri, yamekaa sawasawa, na kati yake, juu ya majivu, kuku wa kijivu alikuwa ameatamia. Alivimba manyoya, akamkodolea Nasma jicho moja, hakuondoka.

Hatua za Swalihu zikasimama mlangoni.

"Nimtoe?" akauliza.

"Mwache," Nasma akasema. "Mwache aangue kwanza."

Akachuchumaa mbele ya mafiga, mikono magotini, kuku naye akimtazama.