Mbele kwa Kaka, Nyuma kwa Dogo

Baba alipofariki, familia ilikaa kikao kugawa mali, na mali yenyewe ilikuwa pikapu moja. Nyumba ilikuwa ya Mama tangu zamani, hiyo hakuna aliyethubutu kuigusa. Aliyeongoza kikao ni baba mkubwa, mtu ambaye hata baiskeli hajawahi kuiendesha bila kuanguka. Akakohoa, akajifuta jasho, akatoa hukumu: nusu ya mbele ya gari apewe kaka mkubwa, nusu ya nyuma apewe mdogo wake, ili wasigombane.

"Na huyu binti?" Mama akauliza.

Baba mkubwa akanitazama kama mtu aliyekumbuka chenji aliyoisahau dukani. "Huyu ataolewa," akasema. "Basi, mpeni tairi la spea."

Watu wakapiga makofi. Naapa, walipiga makofi.

Binti mwenyewe ndiye mimi. Kazi yangu ni kupaka magari rangi, na karakana yangu iko uani kwa Mama, chini ya mabati niliyoyapigilia misumari mwenyewe. Mtaani wananiita Msasa. Wasionijua wanadhani ni kwa ajili ya kazi. Wanaonijua wanasema ni kwa ajili ya ulimi. Kuolewa niliolewa kweli, nikakuta si kwema, nikarudi. Tairi langu nililikuta palepale, halijanisaliti.

Sasa hebu fikiria hukumu ile. Mbele kuna injini, usukani na viti. Nyuma kuna bodi ya mizigo, tangi la mafuta na magurudumu yanayosukuma gari. Kaka akawa na injini isiyo na pa kunywa, Dogo akawa na tangi lisilo na wa kulinyonya. Kaka tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu hakuna harusi wala msiba asiouongoza, hata kama hakualikwa. Yeye alisema gari ni injini, hayo mengine ni mapambo. Dogo bado tunamwita Dogo ingawa ana kipara na watoto wawili sekondari. Huyo akajibu kwamba injini bila magurudumu ya nyuma ni jiko. Hawakupatana, hawakuuziana, na pikapu ikabaki uani kwangu ikila kutu. Kuku wakahamia. Walikuwa wanataga upande wa Kaka na kunya upande wa Dogo, na hilo nalo likaitishiwa kikao.

Wahenga walisema vita vya panzi furaha ya kunguru. Hapa kwetu hata kunguru hakuambulia kitu. Aliyeambulia ni mimi, niliyekuwa nafagia hicho kinyesi.

Ikafika asubuhi moja Mama akaniambia niwaite wote wawili. Akawakalisha kwenye benchi la karakana. Mimi nilikuwa nimekalia urithi wangu, maana lile tairi ndilo kiti changu cha kazi.

"Nimesafiri na gari hili miaka yote ya ndoa yangu," Mama akaanza. "Mbele alikaa baba yenu na mwenye mzigo. Mimi nilikaa nyuma na magunia, mgongo nimeuegemeza kwenye kebini. Nimezunguka kote huko nikiona tulikotoka tu. Tunakokwenda sijawahi kukuona. Sasa nataka kukaa mbele. Na nataka kulipanda nikiwa nimekaa, si nikiwa nimelala nimefunikwa shuka. Mmenisikia?"

"Mama, usiseme maneno hayo," Mwenyekiti akasema. "Afya unayo."

"Ninayo, ndiyo maana nasema leo. Nikishakufa nitamwambia nani?"

Wakakubali. Wangefanyaje? Kila mmoja akaahidi kutengeneza nusu yake, na kila mmoja akaniita pembeni kuniambia nianze na yake.

Injini tulimpa fundi wa mtaa wa pili, ambaye jina lake la kuzaliwa hakuna anayelijua. Anaitwa Fundi Kesho. Ukimuuliza kazi itaisha lini, anasema kesho, na analisema kwa upole mpaka unajikuta unamshukuru. Ila mkono wake ni mzuri, sitamsingizia. Alihangaika na ile injini kama mama mwenye mtoto mgonjwa. Siku ya kuijaribu akataka kutia mafuta kwenye tangi, Kaka akamkataza: tangi ni mali ya mtu. Ikabidi Dogo apigiwe simu. Akajibu, "Mwambieni nimeruhusu lita moja, lakini injini yake isizoee."

Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikawaka. Mama alitoka jikoni mbio, mikono ina unga, akasimama akiisikiliza. Nilipoingia ndani baadaye nikakuta gauni lake la kutokea limepigwa pasi, limetundikwa kwenye mlango wa chumba chake.

Kazi ya bati na rangi ilikuwa yangu. Sakafu ya mbele ilikuwa imeoza kiasi kwamba ungeweza kuliendesha gari kwa miguu yako mwenyewe. La kuvunda halina ubani, nikakata bati bovu lote, nikachomelea jipya. Kisha ndiyo nikaingia kwenye kazi yenyewe, ambayo ni kusugua. Watu wanapenda kuja kutazama rangi ikipulizwa. Siku ya msasa hutamwona mtu. Nilisugua mlango, nikamwaga maji, nikasugua tena, nikaziba mabonde kwa paka, ule uji mzito wa kusawazishia bati, ikikauka nikaisugua nayo, mpaka kiganja kikiteleza kisikute kilima wala shimo. Mikono ilinivimba. Mwenyekiti alipita siku moja, akapapasa boneti, akasema, "Nusu yangu imependeza." Yake! Nilitamani nimpige msasa ule mkali kabisa kwenye paji la uso.

Ikafika siku ya rangi. Nikawaambia walete. Kaka akaleta nyeupe, rangi ya heshima, alisema, rangi ya mtu anayesalimiwa. Dogo akaleta nyekundu, eti gari lionekane kabla halijafika. Walikuwa wamenunua duka moja, rangi za aina moja, na kila mmoja alileta ya kutosha nusu yake. Ukiona hivyo unajua walikuwa wanajua wanachokifanya.

Mama akatazama makopo yale mawili. "Mnataka nipande gari lililovaa shati la huyu na suruali ya yule? Sipandi. Rangi moja, au niacheni na hamu yangu."

"Basi nyeupe," Kaka akasema.

"Basi nyekundu," Dogo akasema.

Wakabishana mpaka kuku wakaenda kulala. Mwenyekiti akataja heshima ya marehemu. Dogo akasema marehemu alikuwa anavaa kaptula nyekundu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Dogo zilishaanza kumkimbia, lakini siku ile hata Kaka mwenye zake zote hakumzidi kitu. Wakaondoka wamenuna, kila mmoja akisema tutaonana wiki ijayo, kwa sauti ile ambayo wiki ijayo yake haifiki.

Mama akainuka. Aliingia chumbani, akalitoa gauni mlangoni, akalikunja, akalirudisha sandukuni. Nilimwona kupitia dirishani. Roho iliniuma jamani, nikashindwa hata kula. Na iliponiuma vya kutosha, ikageuka hasira, na hasira yangu mimi haijui kukaa bure.

Kulipokucha nikafunga geti kwa komeo. Nikamwagia sakafu maji vumbi lisipande, nikafungia kuku bandani, nikabandika magazeti kwenye vioo. Halafu nikachukua ndoo moja. Nikamimina nyeupe ya Kaka yote. Nikamimina nyekundu ya Dogo yote, isipokuwa tone la chini lililogoma kutoka. Nikaanza kukoroga.

Mama akatokea na kikombe chake cha chai. "Msasa, unafanya nini?"

"Nagawa urithi, Mama."

Akaja, akainama juu ya ndoo. Ilikuwa pinki. Si pinki ya kujificha, ya kusema labda ni mwanga. Pinki. Nikasubiri matusi. Akanywa chai funda moja, akainama tena.

"Ongeza nyekundu kidogo," akasema. "Hiyo imepauka."

Nikagonga kopo la Dogo mpaka lile tone likadondoka.

Nilipuliza rangi ile kwa raha ambayo sijaipata tangu nijifunze kazi. Mkono ulikuwa mwepesi, rangi ikakaa laini, haikuchuruzika popote, na pale kebini inapokutana na bodi, pale walipopagombania miaka yote, usingejua nusu ya nani inaishia wapi. Kuku mmoja alitoroka bandani, akajipitisha ubavuni, akatoka na mkia wa pinki. Mpaka leo hachangamani na wenzake.

Rangi ilipokauka nikatoa magazeti, nikampigia simu Fundi Kesho aje kukagua injini mara ya mwisho, nikawapigia na ndugu zangu. Nikawaambia gari tayari.

Walifika pamoja, jambo ambalo halijatokea tangu mazishi. Mwenyekiti akasimama getini, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Umelifanya gari la marehemu keki!"

"Keki iko wapi?" Dogo akasema. "Huu ni ufizi. Nirudishie nyekundu yangu!"

"Na mimi nyeupe yangu!"

"Imo humo," nikawaambia. "Ichambueni. Maji yakimwagika yanazoleka?"

Walikuwa bado wanafoka wakati mlango wa nyumba ulipofunguka. Mama alikuwa na gauni lake, viatu vyake vya kufunika, mkoba kwenye kiwiko. Akatupita wote bila salamu, akafungua mlango wa mbele, akapanda, akaweka mkoba mapajani, akafunga mlango kwa kishindo.

"Haya. Nani ananiendesha?"

Fundi Kesho akajifanya anatafuta spana.

"Mama," Kaka akasema, "tungengoja kidogo giza liingie."

"Giza? Mimi nataka nione ninakokwenda, wewe unataka nisionekane. Na wewe Dogo?"

"Mgongo unanisumbua, Mama. Siwezi kukanyaga klachi."

"Jana si ulikuwa uwanjani unacheza mpira?"

"Ndiko ulikoniumia."

Mama akatoa kichwa dirishani, akawatazama mmoja mmoja. "Miaka yote mnagombania gari hili. Mmenizeesha nalo. Leo limesimama hapa linang'aa, linawaka, hakuna mwenye nalo?"

Mwenyekiti akakohoa vilevile alivyokohoa baba mkubwa. "Si hivyo, Mama. Lakini mtu wa nafasi yangu, na rangi hii, jamani... Aliyelipaka ndiye alipande. Nusu yangu achukue Msasa."

"Na yangu pia," Dogo akadakia haraka. "Nisije kubaki na mkia wa pinki peke yangu."

"Fundi," Mama akaita, "umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Ukiitwa shahidi, utasema lini?"

Fundi Kesho akajifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kama kawaida yake. "Leo hii hii," akasema.

Hapo ndipo nilipomwona Kaka anaanza kuelewa alichokisema. Mimi sikumngoja amalize. Nikabiringisha tairi langu la spea, nikalitupia kwenye bodi, nikaruka nyuma ya usukani. Dogo mwenyewe ndiye aliyetufungulia geti, maskini, nadhani kwa mazoea tu.

"Tunaenda wapi, Mama?"

"Kwa shemeji."

Barabarani watu waligeuka, tena wakageuka. Watoto walitukimbilia mpaka pumzi zikawaishia. Mama hakuwatazama. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, macho mbele, na kila kilichotokea akawa ananitajia.

"Kuna shimo hapo."

"Naliona, Mama."

"Kuna mbuzi anavuka."

"Nimemwona."

"Kuna kona, mwanangu. Inakuja. Hiyo, hiyo!"

"Naiona, Mama," nikasema, lakini si kweli, macho yalikuwa yamejaa maji na si kwa sababu ya harufu ya thina ya rangi. Nikakata kona kwa kubahatisha.

Baba mkubwa alikuwa amekaa nje ya nyumba yake kwenye kiti cha plastiki, katikati ya njia, kama mwenye njia. Nikapiga honi. Akainuka nusu, akashika kofia, akaikagua pikapu kuanzia taa za mbele mpaka nyuma, akarudi tena mbele akamkuta shemeji yake amekaa hapo.

"Makubwa haya! Hili gari la nani?"

"La mwenye tairi la spea," Mama akamjibu. "Sogeza kiti, shemeji. Mwanangu anageuza."

Akasogeza.