Moto wa Kila Mlango

Hildegarda aliposema anaanzisha makazi ya wazee Chanzuru, watu walicheka wakashika mbavu. Mzee anazeekea kwa wanawe, bwana; makazi ni ya waliotupwa. Lakini yeye, muuguzi mstaafu, alishawaona wazee wangapi wakiugua peke yao huku watoto wao wako Dar? Akaziba masikio. Kijiji kikampa kambi ya zamani ya wakata mkonge, vyumba kumi vya mstari mmoja, kwa sharti zito: ikifika Julai mosi chumba hata kimoja kiko kitupu, majengo yanageuzwa ghala la mahindi.

Akaezeka, akapaka chokaa, akajenga jiko kubwa la pamoja na kuajiri mpishi. Wazee wapumzike, si ndiyo? Wakaja kutazama, wakasifia magodoro, wakaaga. Hakubaki hata mmoja. Mwenyekiti wa kijiji, Optatus, akaanza kupita na futi kamba, akimsalimia kwa adabu zote huku macho yakiwa kwenye kuta. Hildegarda alikuwa na hasira za kumtafuna mtu, na chini ya hasira, woga.

Zilipobaki wiki mbili akaenda kwa Bibi Scholastica, mjane wa mkata mkonge, aliyezaliwa kambini hapohapo. Akatoa shikamoo yake, kisha akauliza bila kuzunguka: amekosea wapi?

Kikongwe akaitikia marahaba, akaendelea kupepeta mchele mpaka ungo ukawa safi.

"Mwanangu, umetujengea wodi. Mimi siumwi, kwa nini nipikiwe kila siku? Zamani pale kila mlango ulikuwa na mafiga yake. Mwanamke asiye na moto wake ni mgeni tu."

Hildegarda aliona aibu. Miaka arobaini anawahudumia watu, kumbe hajui kumkaribisha mtu nyumbani. Kesho yake akashika nyundo mwenyewe, akalibomoa lile jiko. Kwa matofali yake yakajengwa majiko kumi, moja kila mlango. Mpishi alinuna siku mbili, akapewa bustani ya mboga.

Julai mosi, asubuhi, Bibi Scholastica akaingia wa kwanza, mkononi kijinga cha moto kutoka nyumbani kwake. Wazee wengine waliosikia habari ya majiko wakafuata, kila mmoja akaomba moto kwa jirani. Optatus akahesabu moshi: tisa. Akahesabu tena, akakunjua futi kamba.

Bibi Scholastica akajikokota mpaka mlango wa kumi, akaweka kijinga jikoni.

"Chumba hiki ni cha Hildegarda. Ana miaka sitini na saba. Au alidhani wazee ni sisi peke yetu?"

Hildegarda akacheka huku machozi yanamtiririka, akapiga magoti akapuliza. Moto ukashika. Optatus akaikunja futi yake, akaenda zake.

Huu ni mwaka wa nne sasa. Mistari imekuwa mitatu, watu wanatoka mpaka Msowero na Kisanga kuomba nafasi. Mwezi uliopita Optatus naye alileta barua yake ya kuomba chumba. Bibi Scholastica amesema hana neno, ila kwanza aonekane akiwasha moto.